Ukiletewa dawa ya kurudisha ujana, ipime hivi

Usianze kubishana na muuzaji kuhusu mizizi na majani yaliyomo, hapo atakushinda. Mimi nauza katika duka la dawa, na wazee hunisogezea simu zao: "Hebu nisomee mwanangu, hii si ndiyo yenyewe?" Nami nawauliza: aliyepima ni nani, na alimpima nani?

Swali hilo lilimwangusha hata profesa. Tarehe 1 Juni 1889, jijini Paris, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzee wa miaka 72, aliwaambia wanasayansi wenzake kwamba amejidunga maji ya korodani za mbwa na simbilisi, na nguvu zimemrudia. Hakuwa tapeli. Alikuja na vipimo: nguvu za mkono kwa mashine, ngazi anazopanda mbio, hata umbali wa mkojo wake, uliokuwa umeongezeka kwa robo nzima. (Ndiyo, aliupima.) Tatizo ni kwamba mpimaji, mpimwaji na mwenye hamu ya kupona walikuwa mtu yuleyule. Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliitengeneza dawa ile upya na kukuta homoni ya kiume kiduchu, isiyoweza kufanya lolote. Homoni hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji, na mzee alitumia maji. Kwa hiyo uliza kama kuna watu waliopewa, bila kujua, kitu kinachofanana na dawa hiyo lakini kisicho na dawa ndani, kisha wakalinganishwa na waliopewa yenyewe.

Halafu uliza wateja wa zamani wako wapi. Serge Voronoff alianza mwaka 1920, huko Ufaransa, kuwapandikizia wanaume vipande vyembamba vya korodani za sokwe na nyani. Picha za kabla na baada zilivutia kweli. Lakini mwili haupokei nyama ya mnyama hivihivi. Vipande vilikufa vikabaki makovu.

Angalia pia kipaza sauti ni cha nani. John Brinkley wa Kansas, Marekani, alitoza dola 750 kuwapandikizia wanaume korodani za mbuzi, na redio iliyomsifu ilikuwa yake mwenyewe.

Neno "asilia" nalo lisikulegeze. Radiamu, madini yenye mionzi hatari, ni ya asili. Eben Byers, tajiri wa Marekani, alikunywa chupa zaidi ya elfu moja za maji ya radiamu yaliyoitwa Radithor, taya likamwoza, akafa mwaka 1932. Ndani ya chupa radiamu ilikuwemo kweli, kama ilivyoandikwa juu yake. Afadhali angeuziwa maji ya bomba.

Dawa ikivuka hapo, omba namba ya usajili, uihakiki TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Na kama unatumia vidonge vya moyo vya naitreti, usionje hata kijiko kabla daktari hajaiona chupa: baadhi ya dawa zinazoitwa za mitishamba zimekutwa zimechanganywa kisirisiri na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume iliyomo kwenye Viagra, na viwili hivyo vikikutana presha huporomoka ghafla.