Kagua masharti ya viza kabla hujalipia tiketi

Masharti ya kuingia nchi hubadilika hata katikati ya mwaka. Kenya, kwa mfano, iliondoa viza Januari 2024, lakini wageni wengi bado huomba kibali cha mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo "viza haihitajiki" haina maana kwamba unaenda mikono mitupu.

Anzia tovuti ya uhamiaji au ubalozi wa nchi unayokwenda. Blogu za safari huchelewa kusasishwa. Soma kwa uraia wa pasipoti yako, kisha angalia nchi utakazounganishia ndege, maana nyingine hudai viza ya kupitia tu.

Pasipoti yenyewe huangusha wengi. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 mbele. Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hutaka miezi 3 baada ya siku ya kuondoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10.

Huko Schengen mgeni wa muda mfupi hukaa siku 90 tu ndani ya siku 180 zozote, na siku za kuingia na kutoka zote huhesabiwa. Ukikaa 1 Machi hadi 29 Mei, umezimaliza. Mlango hufunguka tena 28 Agosti.

Rudia ukaguzi wiki moja kabla ya safari.