Sanchin hatua kwa hatua: kurudisha kumeza na kutema kwa korongo

Bubishi ni maandiko ya Kichina ya sanaa ya mapigano ambayo walimu wa karate wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, walikuwa wakiyanakili kwa mkono na kupeana. Ndani yake mna mstari ambao wao huusoma "ho goju donto". Go ni ugumu, ju ni ulaini, don ni kumeza, to ni kutema. Humo ndimo Miyagi Chojun (1888–1953) alimochota jina la mtindo wake, Goju-ryu. Jina likabeba ugumu na ulaini. Kumeza na kutema kukabaki kwenye maandiko, na leo mtu anaweza kufika mkanda mweusi bila kuyasikia maneno hayo hata mara moja. Ndiyo maana kwenye dojo (kumbi za mazoezi) nyingi Sanchin, kata (mfuatano uliopangwa wa hatua na mapigo) ya msingi ya Goju-ryu, hufanywa na watu waliokakamaa kama magogo, shingo zimevimba, wakiamini kwamba mateso ndiyo kata yenyewe.

Mwongozo huu unaijenga Sanchin kwanza kama inavyofanywa kwenye Goju-ryu, kisha unaivua ngumi na kuirudisha upande wa Fujian, mkoa wa kusini mwa China ilikotoka. Usibadilishe mpangilio huo. Asiye na msimamo imara hana cha kulegeza.

Neno Sanchin ni matamshi ya Okinawa ya San Zhan, yaani vita vitatu. Mitindo mingi ya mkoa wa Fujian huwa na fomu ya jina hilo, na ndiyo ya kwanza kufundishwa kwa watu wa Korongo Mweupe wa Yongchun, mtindo ambao simulizi humpa Fang Qiniang, binti aliyejaribu kumfukuza korongo kwa fimbo na kila pigo likakwepwa. Higaonna Kanryo wa mji wa Naha, Okinawa, mwalimu wa Miyagi, aliitoa Sanchin yake Fuzhou, mji mkuu wa Fujian, kwa mwalimu ambaye Waokinawa humwita Ryu Ryu Ko. Wapo watafiti wanaosema huyo ndiye Xie Zhongxiang wa mtindo wa Korongo Aliaye, na wapo wanaolikataa jambo hilo katakata. Uechi Kanbun naye alikwenda Fuzhou mwaka 1897, akarudi 1910 na Sanchin ya mikono wazi, ingawa mwalimu wake, Zhou Zihe, hutajwa zaidi kwa mtindo wa chui-milia. Tena palikuwapo Wu Xiangui, mfanyabiashara wa chai aliyehamia Naha na kuitwa Go Kenki. Yeye alifundisha korongo palepale mjini, na Miyagi na Mabuni Kenwa, mwanzilishi wa mtindo wa Shito-ryu, walikuwa karibu naye. Kwa hiyo korongo hakuingia kwenye karate kwa mlango mmoja.

Hatua ya 1: Chora sakafu

Tumia chaki au utepe wa gundi. Chora mistari miwili sambamba inayokwenda mbele, iachane kwa upana wa mabega yako, kama sentimita 40 kwa mtu mzima wa kawaida. Kisha chora mstari mmoja unaoikata yote miwili. Vua viatu. Sakafu ya saruji inafaa, ila ifagie kwanza, maana nyayo zitakwaruza chini muda wote.

Weka kisigino cha mguu wa kulia juu ya mstari mkato, na vidole vya mguu wa kushoto viuguse mstari huohuo kwa nyuma. Mguu wa nyuma uelekee mbele moja kwa moja. Mguu wa mbele uingize vidole ndani kwa nyuzi kama 30. Kunja magoti kidogo tu. Uzito ugawe nusu kwa nusu. Hiyo ndiyo sanchin-dachi, na ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Ukiirefusha, nyonga haziwezi tena kufanya kazi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Nyonga na magoti

Hapa kaa sana, wiki mbili au tatu, kabla ya kuongeza mikono.

Shika ardhi kwa vidole vya miguu bila kuinua nyayo. Halafu, bila kusogeza miguu, jaribu kuzivuta nyayo zote mbili zikaribiane kana kwamba unataka kukunja mkeka ulio katikati yake. Mapaja ya ndani yatakaza. Sasa peleka kifandugu chini na mbele kidogo, hadi mbonyeo wa kiuno upungue. Tumbo chini ya kitovu litajikaza lenyewe. Hulazimiki kulikaza kwa makusudi.

Makosa ya hapa ni matatu, na kila moja lina chanzo chake. Makalio yakibenuka nyuma, umekunja magoti kupita kiasi. Magoti yakiangukia ndani na kuuma upande, umekaza magoti badala ya mapaja. Lirudishe kila goti lielekee upande wa kidole cha pili cha mguu wake. Kisigino cha nyuma kikinyanyuka, shavu la mguu limekaza kuliko paja, au msimamo umekuwa mrefu. Mwenye jeraha la goti apunguze kuingiza vidole ndani, nyuzi 10 zinatosha.

Jipime hivi: mwenzako aweke kiganja kwenye kifua chako na kusukuma polepole, nguvu ikipanda kidogokidogo kwa sekunde 5. Ukiinama mbele ili kumzuia, unadanganya. Nguvu yake inapaswa kushuka hadi kwenye unyayo wa nyuma na uisikie pale. Kisha akusukume kutoka nyuma kwenye kiuno, uisikie kwenye mguu wa mbele.

Hatua ya 3: Kutembea

Kabla ya kuondoka, geuza kisigino cha mguu wa mbele kiingie ndani, ili vidole vifunguke na kutazama mbele. Ukikiruka kitendo hiki kidogo, goti la mbele litapindwa na uzito wa mwili mzima kila unapopiga hatua, na maumivu yake huja polepole, baada ya miezi.

Mguu wa nyuma uuteleze kwa mwandamo: uje ndani hadi karibu na wa mbele, kisha utoke nje hadi kwenye mstari wake, vidole vikiingia ndani unapofika. Unyayo upite juu ya sakafu kwa nafasi ya unene wa karatasi. Kichwa kisipande wala kushuka. Mweke mwenzako kando yako ashike ufito mlalo juu tu ya utosi wako; ukiugusa katikati ya hatua, ulinyoosha goti la mguu uliosimamia.

Piga hatua tatu mbele, simama, rudi tatu nyuma. Mara 10 kwa siku zinatosha.

Hatua ya 4: Mikono

Hatua ya kwanza ya kulia huja na kinga ya mikono miwili. Viwiko vikae ngumi moja kutoka mbavuni, ngumi zifike usawa wa mabega, upande wa vidole vilivyokunjwa ukikutazama wewe. Mabega yashuke. Namna rahisi ya kuyashusha ni kuvuta makwapa chini kana kwamba umebana gazeti kila upande.

Kisha:

1. Rudisha ngumi ya kushoto polepole hadi kando ya kifua, chini ya kwapa, kiwiko kikikwaruza mbavu.
2. Piga mbele polepole, ngumi ilenge mstari wa katikati ya mwili, usawa wa chembe cha moyo. Kifundo cha mkono kigeuke mwishoni tu, shubiri ya mwisho.
3. Kunja kiwiko, ngumi ipite mbele ya kifua ikitokea upande wa pili, irudi mahali pake pa kinga.
4. Hatua ya kushoto, fanya vivyo hivyo kwa mkono wa kulia. Hatua ya kulia, mkono wa kushoto tena.

Hizo ndizo hatua tatu, na ndizo kiini. Baada ya hapo dojo hutofautiana: Sanchin inayohesabiwa kuwa ya Higaonna ina kugeuka, ile aliyoipanga Miyagi haina kugeuka bali ina kurudi kinyumenyume. Malizia kama mwalimu wako anavyomalizia, hayo si ya kugombania.

Kosa kubwa la mikono ni kiwiko kutoka nje wakati wa kupiga. Chanzo chake karibu siku zote ni bega lililopanda. Mwambie mwenzako aweke vidole viwili chini ya kwapa lako, upande wa nyuma. Ule msuli mpana wa mgongo ubaki mgumu tangu mwanzo wa pigo hadi mwisho. Ukilegea katikati, bega limeiba kazi.

Hatua ya 5: Pumzi

Vuta kwa pua unaporudisha ngumi, toa kwa mdomo unapopiga. Pumzi iishe pale ngumi inapofika, si kabla. Tumbo ndilo linalofanya kazi, kifua kisipande.

Goju-ryu hutoa pumzi kwa sauti. Sauti hiyo itoke kwa sababu hewa inasukumwa na tumbo, isiwe kwa sababu umebana koo. Alama za koo lililobanwa ni uso kuwa mwekundu au kuiva, mishipa ya shingo kusimama, na kizunguzungu unapomaliza. Hapo umeshika pumzi huku umekaza mwili, na shinikizo la damu hupanda ghafla. Mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo, ngiri au mimba asifanye Sanchin ya kukaza kabisa. Afanye ya hatua ya 6 kwa ulaini, tena baada ya kuongea na daktari wake.

Hatua ya 6: Fungua ngumi

Sasa unarudi kwa korongo. Usibadilishe miguu. Badilisha vitu viwili tu: mikono iwe wazi, na ukazaji uwe wa kufumba na kufumbua.

Wachina wa kusini husema maneno manne: kumeza, kutema, kuelea, kuzama. Si mashairi, ni maelekezo ya mwili.

Kumeza: vuta pumzi, kifua kiingie ndani kidogo, mabapa ya mabega yaachane, viwiko virudi vikishuka. Mgongo wako unakuwa upinde. Kinachoingia kwako, mkono wa mtu au sukumo lake, unakipokea kwa mgongo wote badala ya kukizuia kwa kigasha.

Kutema: upinde unafyatuka. Vidole vinakwenda mbele vikiwa vimelegea njia nzima, mwili wote unakaza kwa nukta moja mwishoni, kisha unalegea papo hapo. Kwenye Korongo Atikisikaye wa Fuzhou kutema huku huonekana kama mbwa aliyetoka majini akijikung'uta: kiuno kinaanza, mikono inafuata.

Kuelea na kuzama huja pamoja na hayo. Unapomeza, viganja vinapanda chini ya mikono ya mpinzani na kumnyima mizizi. Unapotema, au punde kabla yake, viwiko na uzito vinashuka. Mwanafunzi mpya huchanganya kuelea na kunyoosha magoti. Kinachopanda ni mikono ya mpinzani, wewe ubaki chini ya ule ufito wa hatua ya 3.

Ukiona kuruka kutoka ngumi za polepole hadi hapa ni kugumu, pitia Sanchin ya Uechi-ryu, mtindo wa Uechi Kanbun, kama daraja: mikono wazi, pigo la ncha za vidole linatoka haraka, lakini kiwiliwili bado ni kigumu. Wiki moja ya hivyo, kisha legeza kiwiliwili.

Kipimo ni hiki. Mwenzako akushike vifundo vyote viwili vya mikono kwa nguvu. Ukivuta kwa misuli ya mkono wa juu, atakushinda kama ana uzito kukuzidi. Meza: viwiko vishuke kuelekea mbavuni, mgongo upindike, naye atavutwa nusu hatua. Tema papo hapo wakati bado anatafuta miguu yake. Akisogea kwa kuvutwa lakini hasogei kwa kutema, unakaza mapema, pigo linafika likiwa limekwisha. Akisogea kwa kutema lakini hakuvutwa, umepiga tu ngumi ya kawaida ukiwa na vidole wazi.

Kuhusu kupimwa kwa makofi

Shime, yaani mwalimu kumpiga mwanafunzi makofi mabegani na mapajani wakati wa Sanchin, imegeuzwa maonyesho mahali pengi. Kazi yake ni kumwonyesha mtu msuli uliolala. Kiganja kinachogusa na kukandamiza kinafanya hivyo vizuri kuliko kofi. Usipige figo, shingo, koo, magoti wala uti wa mgongo, na usimpime hivyo mtu ambaye hajamaliza hatua ya 2.

Ratiba

Kwa miezi miwili ya mwanzo: Sanchin moja ya ngumi na ya kukaza, dakika tatu hivi, pumzika hadi pumzi irudi kawaida, kisha tatu za mikono wazi na laini. Siku tano kwa wiki. Mwezi wa tatu anza na zile laini, malizia na ya ngumi, na ukiwa kwenye ngumi endelea kupindisha na kufyatua mgongo uleule, kwa udogo usioonekana nje ya gi (vazi la karate). Ukisikia mabega yanapanda tena, rudi kwenye chaki.