Kukokota chambo cha samoni na trauti katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini

Wengi wanaoanza kukokota chambo nyuma ya mashua katika Ziwa Michigan au Ziwa Ontario huitazama GPS na kuamini kwamba kasi wanayoiona ndiyo kasi ya chambo. Sivyo. GPS hupima mwendo wa mashua juu ya ardhi, ilhali chambo kiko futi 70 chini, ndani ya maji yenye mkondo wake na baridi yake. Mashua ikifuata mkondo kwa maili 2.5 kwa saa, huko chini chambo kinaweza kuwa kinajikongoja kwa maili 1.8. Geuza urudi ulikotoka kwa kasi ileile ya GPS, chambo sasa kinakimbia maili 3.2. Mashua ya namna hii hupata samaki ikienda na kukosa ikirudi, na mabaharia wake hubadilisha rangi za chambo siku nzima bila kugusa tatizo lenyewe. Uwe unavua na abiria waliokukodi au unashindana, kazi ni kujua kasi na baridi ya maji pale chambo kilipo.

Tafuta baridi kabla ya samaki

Samoni si mwenyeji wa Ziwa Michigan. Jimbo la Michigan lilipanda aina mbili za samoni, koho mwaka 1966 na chinuki mwaka 1967, ili wale alewaifu, samaki wadogo wa jamii ya heringi waliokuwa wametoka baharini na kujaa ziwani kupita kiasi. Chinuki bado anawategemea. Alewaifu walipoporomoka katika Ziwa Huron miaka ya 2003 na 2004, uvuvi wa chinuki huko uliporomoka nao. Kwa hiyo kwenye sona, kifaa kinachoonyesha kwa mwangwi kilicho chini ya mashua, unatafuta mambo mawili yakikutana: kundi la alewaifu, na maji yenye baridi inayomfaa samaki unayemtaka.

Chinuki hula vizuri kwenye maji ya nyuzi 6 hadi 12 za Selsiasi. Koho hukaa karibu na nyuzi 12. Stilihedi, yaani trauti wa upinde wa mvua anayekulia ziwani, hupenda 13 hadi 16 na mara nyingi huwa juu, mbali na pwani. Trauti wa ziwani hukaa kwenye 7 hadi 10, karibu na sakafu. Trauti kahawia huvumilia joto kuliko wote, 13 hadi 18, na hapendi kwenda mbali na ufuko.

Wakati wa kiangazi maji hujipanga matabaka: ya joto juu, ya baridi chini, na katikati tabaka jembamba la mpito ambamo joto hushuka ghafla. Ongeza hisi ya sona na utaliona kama ukungu mlalo, kwa sababu viumbe wadogo hukusanyika hapo. Upepo ndio unaolipandisha na kulishusha. Ukivuma wa kusini au wa magharibi siku mbili tatu mfululizo mbele ya Milwaukee, mji wa Wisconsin ulio ufuko wa magharibi wa Ziwa Michigan, maji ya joto husukumwa mbali na ufuko wa Wisconsin na maji baridi hupanda kujaza nafasi. Samaki waliokuwa futi 90 chini, maili kadhaa nje, huweza kukutwa asubuhi kwenye futi 40 karibu na bandari. Upepo wa mashariki huyarudisha maji ya joto na kulizamisha tabaka. Ndiyo maana taarifa ya kina cha juzi haina thamani kama upepo umegeuka. Shusha kipima joto upya kila asubuhi.

Majira yenyewe kwa ufupi: Aprili na Mei, trauti kahawia na koho wako kwenye maji ya futi 5 hadi 25, karibu na midomo ya mito na popote maji yanapopata joto mapema. Juni hadi Agosti ni msimu wa maji ya kina. Mwishoni mwa Agosti na Septemba chinuki waliokomaa hujikusanya mbele ya mito wanakotaka kupanda, hawali tena kwa njaa, na saa nzuri kwao ni kabla ya jua kuchomoza.

Vifaa na jinsi vinavyozama

Nguzo ya mfumo ni daunriga, winchi ndogo iliyofungwa tezi au ubavuni, yenye waya na tufe la risasi la ratili 10 hadi 15. Mshipi wa fimbo hubanwa kwenye kibano karibu na tufe; samaki akivuta, mshipi huchomoka na unapigana naye bila uzito. Tufe la ratili 10 linatosha hadi futi 60 hivi. Ukienda zaidi ya hapo, tumia la 12 au 15, kwa sababu maji huusukuma waya nyuma. Kisomeo cha daunriga kikisema futi 100 na waya umelala kwa pembe kubwa, tufe haliko futi 100. Ukiwa na kipima kasi na joto kinachokaa juu tu ya tufe, kifunge kwenye daunriga unayoishusha chini kuliko zote. Kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu cha ziada, kiwe hicho, hata kabla ya sona mpya.

Kifaa cha pili ni daiva, sahani ya plastiki inayopiga mbizi na kukwepa kushoto au kulia kulingana na namba uliyoiweka, 0 hadi 3. Namba kubwa huipeleka pembeni zaidi lakini hupunguza kina. Kwenye mashua ya fimbo nyingi, weka ya nje kwenye 3 na ya ndani kwenye 1 au 1.5. Tumia mshipi wa kusuka wa ratili 40 hadi 50. Ule wa nailoni hunyumbuka mno na kibano cha daiva hakifyatuki unapokivuta.

Cha tatu ni mishipi mizito inayovutwa na vibao vya pembeni, yaani vibao vinavyoelea na kuupeleka mshipi mbali na ubavu wa mashua. Mshipi wenye kiini cha risasi hugawanywa kwa rangi, kila rangi yadi 10. Kwenye kasi ya kawaida kila rangi huzama kama futi 5, hivyo rangi 10 hukupa takriban futi 50. Waya wa shaba wa ratili 45 huzama zaidi, futi 22 hadi 25 kwa kila futi 100 ulizotoa. Yote mawili huzama mashua inapopunguza mwendo na kupanda inapoongeza, na sifa hiyo utaihitaji baadaye kidogo.

Chambo chenyewe kiko cha namna mbili hasa. Kijiko cha chuma cha inchi 3.75 hadi 4.5 huenda vizuri kwa maili 2.3 hadi 2.8. Flasha ya inchi 8 au 11, kibamba kinachozunguka na kumeremeta, hufuatwa na flai ya nyuzi zinazong'aa. Uzi kati ya flasha na flai uwe wa florokaboni wa ratili 40 hadi 50: inchi 20 hadi 24 kwa flasha ya inchi 8, inchi 26 hadi 34 kwa ya inchi 11. Flai ikionekana kufuata tu bila kurukaruka, fupisha uzi kwa inchi mbili. Samaki wakigonga bila kunasa, urefushe. Kome wa kwaga, ambao huchuja maji, wameyafanya maji ya maziwa haya kuwa maangavu sana, kwa hiyo jua likipanda acha umbali mrefu zaidi kati ya tufe na chambo: futi 15 alfajiri, futi 40 na zaidi kwa kijiko mchana.

Kupanga mishipi bila kufungana

Michigan na Wisconsin zinaruhusu fimbo tatu kwa kila mvuvi, hivyo mashua yenye watu wanne ina haki ya fimbo 12. Haki hiyo si amri. Mabaharia wanne wapya watafanya vizuri zaidi na fimbo saba zilizopangwa sawa.

Elekeza omo kwenye mstari ulionyooka na utoe mishipi ya vibao kwanza. Ile mifupi, inayopita juu, iwe ya nje. Mirefu, inayozama zaidi, iwe ya ndani. Samaki akinasa nje, kibao kinaachia, naye anarudi nyuma akipita juu ya mishipi ya ndani bila kuigusa. Ukiipanga kinyume, kila samaki wa nje anaikusanya mishipi mingine yote njiani. Fuata na daiva, ya nje kabla ya ya ndani, ukitoa mshipi polepole huku kidole gumba kikiwa juu ya rili. Ukiachia tu ikimbie, flasha hujizungusha kwenye mshipi na utaikokota saa nzima ikiwa imefungana. Mwisho shusha daunriga: moja juu ya tabaka la mpito, moja ndani yake, moja chini yake.

Hapo anza kujifunza. Kata kona pana, usinyooke muda wote. Kwenye kona chambo cha ndani hupunguza kasi na kuzama, cha nje huongeza kasi na kupanda. Fimbo ya ndani ikipigwa kwenye kona mbili mfululizo, samaki wanataka polepole au chini zaidi. Ikipigwa ya nje, ongeza mwendo kwa maili 0.2. Kila samaki aliyenasa, andika papo hapo kina, joto na kasi kwenye tufe, mwelekeo wa mashua, na chambo. Badilisha jambo moja kwa wakati, la sivyo hutajua ni lipi lililofanya kazi. Kwa trauti wa ziwani shusha hadi maili 1.6 hadi 2.0 na uburure tufe futi moja au mbili juu ya sakafu, ukiligusisha mara mojamoja ili litimue vumbi.

Samaki akinasa

Usisimamishe mashua. Punguza kidogo tu. Mashua ikisimama, mishipi mingine huzama na kuzungukana na samaki akapata mshipi uliolegea, na samoni mwenye mshipi uliolegea ni samoni aliyekwenda. Chinuki mkubwa hutoa futi 300 za mshipi kwa mkupuo mmoja. Mwache. Breki ya rili iwe laini kiasi cha kutoa mshipi bila kutetemesha fimbo. Anayekaza breki katikati ya mbio hukata uzi au hunyoosha ndoana. Abiria aambiwe mapema: inua fimbo taratibu, zungusha rili ukiishusha, usirudishe ncha nyuma ya bega.

Wavu wa kuopolea ushikwe na mtu mmoja, ukae nje ya maji hadi samaki achoke na kichwa chake kije juu. Aingizwe kichwa kwanza. Wanaomkimbiza kwa wavu kutokea mkiani humpoteza kando ya mashua.

Katika Ziwa Ontario kuna adha nyingine: kiroboto wa majini mwenye mkia wa ndoana, aliyegunduliwa huko mwaka 1998. Hung'ang'ania mishipi myembamba kwa maelfu na kuziba pete ya ncha ya fimbo wakati samaki yuko karibu kuopolewa. Tumia nailoni nene, ratili 30, kwenye daunriga, na pangusa mshipi kabla uvimbe haujafika kwenye pete.

Mashua ya kukodi na mashindano

Upande wa Marekani, nahodha anayebeba abiria wa kulipa lazima awe na leseni ya Walinzi wa Pwani. Leseni ya kawaida ya mashua isiyokaguliwa inaruhusu abiria sita tu. Majimbo yana masharti yake juu ya hapo, na kila abiria anahitaji leseni yake ya uvuvi. Redio ya VHF ikae chaneli 16, ile ya dharura. Mawimbi ya Ziwa Michigan ni mafupi na yanafuatana upesi, na maji ya Mei yana baridi ya kumlemaza mtu kwa dakika chache, kwa hiyo makoti ya kujiokolea yavaliwe.

Katika mashindano soma kwanza jinsi pointi zinavyohesabiwa. Mfumo unaotumika sana hutoa pointi 10 kwa kila samaki na 1 kwa kila ratili. Chinuki wa ratili 20 ana pointi 30. Trauti wawili wa ziwani wa ratili 8 kila mmoja wana 36. Basi idadi inatangulia uzito: jaza sanduku hadi kiwango kinachoruhusiwa, ukiangalia kikomo cha trauti wa ziwani, kisha ndipo uwaendee wakubwa. Kufika mizani kwa kuchelewa hupunguza pointi au huzifuta kabisa. Panga saa ya kurudi kwa kasi ambayo mashua inaweza kwenda kwenye mawimbi, si kasi yake ya maji tulivu. Samaki hupungua uzito wakikaukia juani. Walaze kwenye barafu iliyosagwa iliyochanganywa na maji, wote wafunikwe, tangu wa kwanza anapoingia mashuani.

Kabla ya kupasua, angalia pezi dogo la mafuta mgongoni, karibu na mkia. Kama limekatwa, ndani ya pua ya samaki huyo huenda mna kipande kidogo cha waya chenye namba. Hifadhi kichwa uwape watafiti wa jimbo. Namba hiyo huwaonyesha alipandwa wapi na mwaka gani.