Unaogopa kiti cha meno? Anza hivi, hatua kwa hatua

Wagonjwa wengi wa meno ninaowapokea hapa Kigoma hufika hawajalala usiku kucha, shavu limevimba, khanga imefungwa kuzunguka kidevu. Wengi husema wanamwogopa daktari. Ukiwadadisi, wanachoogopa ni siku moja ya zamani waliyong'olewa jino na ganzi haijashika. Na ganzi mara nyingi hugoma kwa sababu mtu amechelewa: penye usaha nyama za fizi zina asidi nyingi, na asidi huidhoofisha dawa. Kwa hiyo anayeogopa husubiri, anayesubiri huumia, na akishaumia huzidi kuogopa.

Hatua ya 1: Nenda wakati huumwi

Hii ndiyo kazi yenyewe, nyingine zote zinaisaidia. Tundu likiwa kwenye gamba la nje la jino haliumi, maana gamba lile halina mishipa ya fahamu. Likiingia tabaka la pili, utashtuka ukinywa maji ya baridi au chai yenye sukari nyingi. Mpaka hapo jino huzibwa tu, mara nyingine hata bila sindano. Likishafika kwenye kiini ndipo usingizi unapopotea, na hapo yamebaki mawili: kutibu mzizi, kazi ambayo haifanyiki kila hospitali, au kung'oa.

Maumivu yakikoma yenyewe, usishangilie. Jino lililosumbua wiki nzima kisha likanyamaza mara nyingi kiini chake kimekufa, na usaha unafuata. Diklofenaki za duka la dawa hutuliza maumivu, haziponyi tundu. Maji ya betri ndiyo usiyaguse kabisa. Yanaunguza fizi na ulimi, na jino linabaki bovu vilevile.

Hatua ya 2: Chagua siku isiyokugharimu

Wavuvi wa dagaa, nyinyi mna nafasi nzuri: mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, mitumbwi imepumzika, njooni siku hizo. Anayetoka vijiji vya mwambao kwa boti aunganishe safari na siku ya kuuza mzigo Kibirizi. Si kila kituo cha afya kina kiti cha meno, kwa hiyo ulizia kwanza kabla ya kufunga safari. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, inayo huduma hiyo.

Njoo asubuhi, umekula, umemeza dawa zako za presha kama kawaida. Ukija mchana utakuwa umeshinda ukiwaza. Ukitaka msindikizaji, usimchague yule anayependa kusimulia alivyong'olewa gego. Na usipitie kilabuni kutafuta ujasiri. Mlevi tutamrudisha nyumbani.

Hatua ya 3: Sema unachotaka

Dirishani na kitini sema wazi: "Leo nimekuja kuangaliwa tu." Ni haki yako, wala hakuna atakayekucheka. Tutatumia kioo kidogo na chuma chembamba, kisha tutakueleza tulichokiona. Uliza bei kabla ya kukubali lolote, na kama bima yako inalipia. Kuna watu hofu yao ni ya mfuko, ila wanaona aibu kusema, kwa hiyo wanasingizia sindano. Taja pia presha, sukari, mimba, na dawa zozote za kuzuia damu kuganda.

Hatua ya 4: Wekeni ishara

Kabla ya kufungua mdomo, kubalianeni kwamba ukiinua mkono wa kushoto, kazi inasimama. Kushoto, kwa sababu wengi wetu tunakaa upande wako wa kulia.

Hatua ya 5: Ielewe sindano ya ganzi

Kinachouma zaidi kwenye sindano ni dawa kusukumwa haraka. Omba isukumwe polepole, na kama ipo jeli ya ganzi ipakwe kwanza. Vuta pumzi kwa pua. Moyo ukienda mbio kidogo usidhani unakufa. Dawa nyingi za ganzi zimechanganywa na adrenalini, na hali hiyo hupita baada ya dakika chache. Meno ya juu hushika ganzi upesi. Magego ya chini yanaweza kuchukua dakika 5 hadi 10, basi usikubali kazi ianze kabla mdomo wa chini haujafa ganzi upande ule. Baada ya hapo utasikia kusukumwa na kuvutwa, lakini usisikie kuchomwa. Ukichomwa, mkono juu.

Babu mmoja wa Ujiji aliniambia, "Mwanangu, ukining'oa hili la juu utanipofusha." Nilimwamkia kwanza, kisha nikamweleza kuwa mishipa ya kuonea haipiti kwenye meno. Hofu hiyo ipo kwa wengi, nami siidharau, lakini kung'oa jino hakuondoi macho.

Hatua ya 6: Mlete mtoto bila vitisho

"Ukilia nitakupeleka ukang'olewe meno." Mzazi akisema hivyo, mimi nimeshashindwa kabla sijamwona mtoto. Mlete siku wewe unapoangaliwa, akae, aone. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana wazazi hudhani litang'oka tu na kuliacha lioze. Na mtoto mchanga akiwa na homa au anaharisha, mpeleke kliniki; usikubali akwanguliwe fizi kwa madai ya "meno ya plastiki", yaani imani kwamba vijino visivyoota bado ndivyo vinavyomuugua.

Hatua ya 7: Ondoka na tarehe

Usitoke bila tarehe ya kurudi. Mwenye meno yanayotoboka haraka, au mwenye kisukari, arudi baada ya miezi 6. Mwenye kinywa kizuri anaweza kukaa mwaka. Ziara ya pili huenda ikawa ya kusafisha ugaga. Fizi zilizokuwa zimevimba zinaweza kutoka damu kidogo siku ya kwanza au ya pili, endelea kupiga mswaki. Tarehe ikikukuta safarini, mtume mtu aje kuibadilisha. Usikae nyumbani kwa kuona haya. Tunafuta jina kwenye daftari na kuliandika siku nyingine.