Kuomba shahada ya sheria ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe, kwa anayetaka kutetea haki za binadamu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka simu yangu haitulii. Wa Tukuyu, wa Makambako, wa Mafinga, na swali ni lile lile: "Shikamoo kaka, nataka kusoma sheria ya haki za binadamu, naombea wapi?" Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo: usiitafute kozi kwa jina hilo. Unaomba Shahada ya Sheria, ile inayoandikwa LLB, kama wanavyoomba wote. Haki za binadamu utaisoma humo ndani kama somo, utaichagua kwenye masomo ya hiari na kwenye utafiti wako wa mwisho, na kubobea kwenyewe kunakuja kwenye shahada ya uzamili.

Wanaonung'unika huwa nawapa mfano wa mtu wa kwetu. Mchungaji Christopher Mtikila wa Ludewa alifungua kesi ya mgombea binafsi Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993. Uamuzi wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ulimpa ushindi Juni 2013. Hiyo miaka 20 ilijaa sheria ya katiba, taratibu za mashauri, rufaa na hoja za nani ana haki ya kushtaki. Mtu anayezijua haki bila kujua kufungua shauri hatafika hata mlango wa masijala. Kwa hiyo usiione LLB ya kawaida kama njia ya mzunguko.

Kabla ya kugusa kompyuta

Pakua mwongozo wa udahili wa mwaka husika kutoka tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ule wa mwaka jana aliokutumia binamu kwenye WhatsApp uache. Upo wa wanaotoka kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, na humo kila kozi ina mstari wake wa sifa.

Kiwango cha chini kwa wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, jumla pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. (Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao, waisome humo humo.) Mwenye D ya Historia na D ya Kiswahili ana pointi 4, kwa hiyo anaruhusiwa kuomba. Kuruhusiwa kuomba si kupata nafasi, maana sheria inakimbiliwa na wengi na chuo huchukua wa juu kwanza. Soma pia sharti la ziada lililoandikwa pembeni ya kozi, hasa la Kiingereza. Nimeona kijana wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) mwenye alama nzuri akikwama hapo, kwa sababu Kiingereza cha kidato cha nne alikichezea.

Mwenye stashahada anahitaji GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0, ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na namba ya uhakiki ya AVN inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Hiyo namba iombe mapema, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Vyuo vya karibu

Iringa mjini kuna viwili vinavyofundisha sheria: Chuo Kikuu cha Iringa, cha Walutheri, na Chuo Kikuu Katoliki Ruaha, ambacho kila mtu anakiita RUCU. Mbeya kuna Mzumbe, Kampasi ya Mbeya. Angalia hapa: Mzumbe ina kozi ya sheria Morogoro pia, na kwenye mfumo zinaonekana kama kozi mbili tofauti. Ukibofya bila kusoma, Oktoba utajikuta unapanda basi la Morogoro wakati nyumbani kwenu ni Uyole. Linganisha pia ada, na miaka ya kozi, kwani si vyuo vyote vinafundisha sheria kwa muda sawa.

Mimi huwashauri wachague viwili vya huku na kimoja cha mbali. Huku kodi ya chumba ni nafuu, na ukiishiwa kabisa gunia la mahindi na viazi linaweza kufika kutoka nyumbani kwa basi.

Kujaza maombi yenyewe

Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wa chuo husika. TCU haipokei maombi, inasimamia tu. Kwa hiyo vyuo vitatu maana yake ni akaunti tatu na ada tatu za maombi.

Mfumo utakuomba namba ya mtihani ya kidato cha nne, yenye namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Ukiweka namba hiyo na ya kidato cha sita, matokeo yako hujileta yenyewe kutoka Baraza la Mitihani. Hakikisha jina linalotokea ndilo la kwenye cheti. Kisha unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu, unarudi kuchagua kozi kwa mpangilio: unayoitaka zaidi ndiyo ya kwanza.

Sasa nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Wengi wetu hatujazi wenyewe. Tunakwenda steshenari, Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, tunamkabidhi kijana wa kompyuta vyeti na elfu chache. Mdogo wangu mmoja alifanya hivyo. Kwa haraka, yule kijana akaweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa mdogo wangu hakuwa na barua pepe. Majina yalipotoka, dogo amechaguliwa vyuo viwili. Namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ikaingia kwenye simu ya yule kijana, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha kazi na kwenda kuvuna mpunga Mbarali, bondeni ambako mtandao ni wa kuotea. Siku nne tulimtafuta. Tulimpata zimebaki saa chache dirisha la kuthibitisha lifungwe, amesimama juu ya kichuguu akitusomea tarakimu moja moja.

Kwa hiyo: fungua barua pepe yako mwenyewe siku moja kabla. Tumia laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya shemeji. Nywila iandike kwenye daftari. Kaa pembeni ya anayejaza, na usiondoke mpaka umeona kwa macho yako namba yako ya simu kwenye skrini. Anayekuambia ana mtu wake ndani ya chuo atakayekupitisha ni kishoka, mwache.

Kuthibitisha na mkopo

Udahili huenda kwa awamu. Ukikosa ya kwanza unaomba ya pili, si mwisho wa dunia. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja tu, kwa ile namba ya siri, ndani ya akaunti yako ya chuo hicho, kabla ya tarehe ya mwisho.

Mkopo unaombwa pembeni, Bodi ya Mikopo, na hausubiri majina ya udahili. Kinachochelewesha ni cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vivyo hivyo. Fomu ya mkopo husainiwa na serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa wakili au hakimu. Kwa mtu wa Makete huko milimani, safari ya kutafuta mhuri inaweza kula siku mbili, ipangie. Na tumia namba ile ile ya kidato cha nne uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, akizichanganya bumu, ile pesa ya mkopo, halimfikii.

Ukishaingia

Masomo ni kwa Kiingereza, ingawa tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Zoea zote mbili. Soma ibara ya 12 hadi 29 ya Katiba mapema. Ndizo haki zilizoingizwa mwaka 1984. Kisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994, inayoeleza shauri la haki linafunguliwaje na kwamba linasikilizwa na majaji watatu.

Mafunzo kwa vitendo usiyamalizie ofisi ya mjomba ukitoa fotokopi. Omba shirika la msaada wa kisheria, ukae na mjane aliyenyang'anywa shamba au kikongwe aliyeitwa mchawi. Uliza pia kama chuo kinapeleka timu kwenye mashindano ya Afrika ya mahakama igizi ya haki za binadamu, ambako wanafunzi hubishana kesi ya kubuni kama mawakili, yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992.

Na weka akiba. Baada ya LLB, kama unataka uwakili, kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), Dar es Salaam, nayo ina maombi yake na ada yake.