Namna ya Kuielewa na Kuitumia Nahau ya Kichina "Bei Gong She Ying"

Nahau nyingi za Kichina cha kale zina maneno manne tu, na anayezisoma bila kujua kisa kilichozizaa huambulia maneno matupu. Ndivyo ilivyo kwa 杯弓蛇影, isomwayo bei gong she ying: kikombe, upinde, nyoka, kivuli. Anza basi na kisa, kamusi ifuate baadaye.

Kisa hicho kimo katika Fengsu Tongyi, kitabu cha Ying Shao, mwandishi wa enzi ya Han ya Mashariki. Babu yake, Ying Chen, alipokuwa mkuu wa wilaya ya Ji, alimkaribisha ofisa wake Du Xuan kunywa mvinyo. Ukutani, upande wa kaskazini, palitundikwa upinde mwekundu, na kivuli chake kikaangukia ndani ya kikombe kikajipinda mfano wa nyoka. Du Xuan aliingiwa na hofu, lakini kwa kuwa mwenyeji alikuwa mkubwa wake wa kazi, hakuthubutu kukataa, akanywa. Siku hiyohiyo kifua na tumbo vikaanza kumuuma, chakula kikawa hakipiti, na kila dawa aliyopewa haikumfaa. Ying Chen alipokwenda kumjulia hali, akaambiwa kwamba nyoka ameingia tumboni. Alirudi ofisini kwake, akatafakari kwa muda mrefu, hatimaye akageuka na kuuona upinde. Mgonjwa akaletwa kwa gari, akaandaliwa mvinyo palepale, na nyoka akaonekana tena. Alipoonyeshwa ukutani, maradhi yakamtoka.

Kitabu cha Jin Shu, yaani historia ya enzi ya Jin, kinasimulia kisa kinachokaribia kufanana na hiki, safari hii mwenyeji akiwa Yue Guang.

Itumie nahau hii kwa mtu anayeteswa na shaka yake mwenyewe, pasipo hatari yoyote. Hapa wengi huteleza kwa kuifasiri kwa methali yetu, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka". Methali hiyo ni ya mtu aliyekwisha kudhurika, na Wachina wana msemo wao unaolingana nayo, wa aliyeumwa na nyoka akaogopa kamba ya kisima miaka 10. Du Xuan hakuwa ameumwa na chochote.

Vilevile usiichanganye na caomu jie bing, "majani na miti yote ni askari", inayotokana na vita vya Mto Fei vya mwaka 383, ambapo mfalme Fu Jian aliitazama mimea ya mlima Bagong akadhani ni jeshi. Yeye alikuwa na adui wa kweli mbele yake. Mfanyakazi ambaye bosi wake amepita bila kumsalimu, naye akakesha akiamini kwamba amekwisha kufukuzwa kazi, huyo ndiye wa bei gong she ying.