Makala ya chombo cha sayari: anzia katikati

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Wanafunzi wapenda anga huniletea makala za kisayansi zinazoeleza vifaa vya kuchunguzia sayari, walizozikimbia ukurasa wa tatu. Huwa nawaambia wasianzie mwanzo.

Chukua ChemCam, kifaa cha kigari cha Curiosity kilichotua Mirihi Agosti 2012. Hupiga mwamba kwa leza kutoka umbali wa hadi mita 7. Chembe yake hugeuka mvuke unaong'aa, na mwanga huo ukichambuliwa hutaja elementi zilizomo. Mwaka huohuo jarida la Space Science Reviews lilichapa makala zake mbili pacha: Sylvestre Maurice na wenzake walieleza sehemu ya kifaa iliyo kwenye mlingoti wa kigari, Roger Wiens na wenzake sehemu iliyo tumboni mwa kigari pamoja na majaribio ya mfumo mzima. Bando likiwa dogo, pakua hiyo ya pili.

Nenda moja kwa moja panapoelezwa jinsi kifaa kilivyopimwa kwa sampuli zinazojulikana. Hapo ndipo penye nyama. Curiosity imebeba shabaha 10 za kujipima: za kioo 4, za kauri 4, moja ya grafiti na moja ya titani. Ziko kama mita 1.56 kutoka kwenye leza. Sasa shika penseli ujiulize: mwamba ninaosoma habari zake ulikuwa mita ngapi? Ukiwa mita 5, mwanga unaorudi ni hafifu zaidi, basi asilimia zilizotajwa zisome kwa tahadhari.

Kwenye majedwali, tenga kilichotakiwa na kilichopatikana. Uzito na umeme waachie wahandisi.

Kisha tazama tarehe, maana chombo hakibaki kilivyoandikwa. Mwishoni mwa 2014 leza ndogo ya kulenga umbali iliharibika. 2015 ikatumwa programu mpya, kifaa kikawa kinapiga picha kadhaa na kujichagulia iliyo kali. Makala ya 2012 haiwezi kukuambia hayo. Hata sampuli za kulinganishia ziliongezeka kutoka 66 hadi 408, kwa hiyo mwamba uleule waweza kupewa asilimia tofauti katika makala mbili, na hakuna aliyedanganya. Ingia NASA ADS, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za anga, ni bure, ufungue orodha ya makala zilizoinukuu hiyo yako, uzipange kwa mwaka.

Data zenyewe ziko wazi kwenye hifadhi ya NASA iitwayo PDS. Anza na grafu ya mwanga wa shabaha ya titani: ina mistari mingi iliyosongamana, na ndiyo inayotumika kukagua kama spektromita, yaani kipande kinachouchambua mwanga, imehama hata sehemu ya nanomita.